Matone Nyuma ya Nailoni

…kwa sababu kama matone yako upande wa huku, upande wa chumbani, basi ni mvuke, ni sauna ya baba, ni yale maji aliyoyamwaga juu ya mawe ya moto kila Jumamosi tangu Eila hajazaliwa, na hapo mjadala umekwisha, ndugu yake Reino ataona kwa macho yake na kufunga domo lake, na kama yako upande wa nyuma, kati ya nailoni na zege, basi maji yanatoka ukutani, yanatoka ardhini huko nje, na sauna haina kosa, lakini hilo haliwezekani, hilo limetajwa tu ili jaribio liwe na pande mbili, jaribio la upande mmoja nani atalikubali, alijiambia Eila, amepiga magoti kwenye sakafu ya chumba cha chini ya ardhi, soksi za sufu za baba yake mkononi, uso wake shubiri moja tu kutoka kwenye kipande cha nailoni alichokibandika ukutani Alhamisi kwa utepe wa gundi, kingo zote nne, upana wa sinia ya kahawa, na kwa kweli hakushukia nailoni, alishukia soksi, nailoni alikuwa ameisahau… hapana, hakuisahau, mtu hasahau kitu halafu akakipitia mbali, nyuma ya rundo la kuni, siku mbili mfululizo asikitupie jicho, huko si kusahau, huko ni kukwepa, na sasa matone yalikuwepo, hilo halikuwa na ubishi, mengi, manene, yakimeta kwenye mwanga wa taa, na lililobaki lilikuwa moja tu, yako upande gani, na hilo lilihitaji kidole kimoja, apitishe kidole juu ya nailoni, kikilowa ni baba, kikitoka kikavu ni yeye, na kidole chenyewe kiling'ang'ania soksi utadhani soksi zingetoroka. "Eila!" sauti ya mzee kutoka juu ya ngazi. "Umezipata?" "Bado natafuta, baba!" na soksi hizi hapa mkononi, uongo wa kwanza wa siku, mdogo tu, "Soksi mbili zinakushinda? Sijakutuma kondoo mzima!" na akacheka mwenyewe, kisha kicheko kikageuka kikohozi, kile kikohozi kinachoanzia tumboni na kupanda ngazi moja moja, Eila akahesabu bila kutaka, nne, tano, sita, kikakoma, na huko juu kiti cha jikoni kikalia, mzee amekaa, tayari ameshavaa koti, ameshavaa koti tangu asubuhi baada ya kahawa, koti na kofia, sanduku miguuni, kana kwamba treni ingempita.

Na Reino anafika saa kumi, Reino ambaye hajawahi kuchelewa hata siku moja tangu alipozaliwa, na hata kuzaliwa kwenyewe aliwahi, alizaliwa humu humu, hatua nne kutoka hapa, kwenye benchi la chini la sauna, mwaka wa theluji ile iliyofunika madirisha, gari halikutoka, mkunga hakufika, baba akapasha mawe, mama akazaa, ndiyo maana utotoni Eila alimwita mtoto wa mvuke, na Reino humjibu mpaka leo, na nywele zake nyeupe, "Afadhali mimi wa mvuke, wewe wa hospitali unanuka dawa," naye ndiye atakayempakia baba kwenye gari leo na kumpeleka kwenye makao ya wazee kule upande wa pili wa mji, jengo zuri, jipya, halina ngazi, chumba kina dirisha linalotazama maegesho ya magari, na sauna ipo, walisema, Jumatano, kwa zamu, na muuguzi anakaa mlangoni, Jumatano! baba alirudia neno hilo mara moja tu, Jumatano, kama mtu aliyeambiwa kuwa huko Krismasi huwa ni Julai, kisha akasema "Sawa," na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yote, kwa sababu watu wao ndivyo walivyo, Wafini hawa wa Thunder Bay waliokuja kukata miti na kubaki kando ya ziwa, kwao neno husemwa mara moja, ukilisema mara ya pili umemwona mwenzio kiziwi au mjinga, mama yake, Saimi, aliwahi kumwambia baba anampenda, mara moja, kwenye kituo cha treni, na miaka hamsini na minane baadaye, siku ya kumzika Saimi, baba alisema tu, "Alikwisha kuniambia," na watu wote wakaelewa. Kwa hiyo ni nani angeuliza mara ya pili kama kweli anataka kwenda? Alijitolea mwenyewe, tena hilo lisisahaulike, Eila hakumfukuza, mwezi uliopita daktari aliposema kifua hiki kinakaa kwenye unyevu, mtoeni kwenye unyevu, baba alisubiri mpaka gari likaingia uani, akauangalia ukuta wa nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, akasema, "Mvuke wangu umekuozeshea nyumba. Nitaondoka kabla haijaanguka," na yeye Eila alikuwa ameshika usukani, injini bado inanguruma, palikuwa na nafasi ya kusema hapana, ilikuwa nafasi kubwa, lori lingepita, na alichosema ni, "Angalia barafu unaposhuka."

Lakini ni mvuke, lazima uwe mvuke, ungekuwa nini kingine, mtu anachemsha maji chini ya nyumba kila wiki kwa miaka sitini na moja, mvuke lazima uende mahali, na harufu ilipoanza, ile harufu ya viazi vilivyosahauliwa gunia zima, ilianza huku huku upande wa sauna, si ndiyo, upande wa kitanda cha baba, ndipo Februari Eila alipoifunga sauna, alitundika kufuli dogo kwenye mlango wa sauna, kufuli la baiskeli, na baba akalitazama kufuli, akamtazama yeye, akapanda ngazi kuoga bafuni kwa maji ya bomba kama mpangaji, na harufu ingepungua, ilipaswa kupungua… "Sasa mbona imezidi?" Reino aliuliza Jumapili mezani, akipaka siagi kwenye mkate wa iliki, siagi nene, huwa anapaka siagi kana kwamba anapiga lipu. "Sauna imefungwa wiki nane, na huko chini kunanuka kuliko Februari." "Ni mvuke wa zamani unatoka." "Mvuke wa zamani?" Kisu kikasimama. "Una umri gani huo mvuke? Umeshaanza kupokea pensheni?" na baba akatazama ndani ya kikombe, asicheke, na hilo ndilo lililomchoma Eila, kwamba baba hakucheka, maana baba hucheka kila Reino anapofungua mdomo, na kwa hasira hiyo ndipo alipokwenda dukani na yule muuzaji mwenye ndevu akamwambia jaribio ni rahisi, mama, kata nailoni, bandika kwenye zege tupu, subiri siku mbili, na zege tupu lilikuwa hapa tu, nyuma ya kuni, kipande cha upana wa mlango, kwa sababu hapa bodi za jasi zilimwishia, miaka mitatu iliyopita, na akasema atarudi kumalizia na hakurudi. Miaka mitatu. Septemba ile baada ya kumzika mama, baba alipokataa kulala juu, kitanda kile ni kipana sana, alisema, akashusha godoro lake huku chini karibu na sauna na kulala ukutani kwenye baridi, na Eila, aliyerudi nyumbani na masanduku yake mawili na ndoa yake iliyokufa, akaona hapa ndipo pa kufanya jambo, jambo la mikono, la kumfanyia mzee, kabla baridi haijashuka, akanunua mbao akazisimamisha kwenye kuta, katikati ya mbao akasokomeza pamba ya kioo, ile ya waridi inayowasha mpaka ndani ya kope, na juu ya pamba akatandaza nailoni kutoka pembe hadi pembe, bila tundu, bila mshono, akaipigilia pini, tak tak tak, alijivunia nailoni ile kuliko nguo yoyote aliyowahi kushona, na juu yake bodi, na rangi, rangi ya maziwa, na mara ya kwanza katika maisha yake huku chini palikuwa na joto kwa hita ndogo tu, na baba alikaa kitandani na soksi zake hizi hizi akasema, "Joto," na Eila aliingia bafuni akalia kwa furaha, ndiyo, alilia, kwa neno moja.

Ila kabla ya neno hilo palikuwa na lingine… usilikumbuke hilo, lakini limeshafika, limesimama pale pale kwenye ngazi lilipokuwa limesimama siku ile, baba kwenye ngazi ya tatu na kikombe cha kahawa, nailoni imefunika nusu ya kuta, naye akitazama, muda mrefu, kahawa ikipoa, kisha akasema, "Ukuta huu hulia theluji ikiyeyuka. Usiuzibe mdomo," na Eila juu ya kigoda, pini mdomoni, jasho, pamba ya kioo shingoni, akazitema pini kiganjani ili amjibu vizuri, alitaka lile jibu litoke safi, "Baba, wewe umeishi na ukuta unaolia miaka sitini, sasa niache mimi niunyamazishe," na akacheka, na baba akanywa kahawa yake yote, akapanda juu, na hakulisema tena, hata mara moja, miaka mitatu, hata alipoanza kukohoa, hata kufuli lilipotundikwa, kwa sababu alikwisha kulisema… na asiyesikia la mkuu huvunjika guu, hilo linajulikana, lakini anayekohoa huko juu jikoni si yeye, guu lililovunjika si lake, ndipo ubaya ulipo. Matone. Yasogelee. Tone moja kubwa karibu na utepe liliteleza, likaburuta wenzake wawili, likajichimbia chini kwenye kona ya nailoni, na hapo pakawa na kijidimbwi, na je, tone lililo upande wa huku lingeteleza hivyo na kusimama pale kwenye utepe, au lingepita juu ya utepe na kudondoka sakafuni? Sakafu ilikuwa kavu. Haina maana, sakafu huwa inanyonya. Zege jipya hunyonya, hili ni kuukuu, limeshiba. Nyamaza. Na nje, nyuma ya zege hili hili, theluji inayeyuka, anaisikia kwenye bati la dirishani, ndo, ndo, ndo, Aprili imefika kwa kishindo, na nani aliyeirundika theluji kwenye ukuta, Eila, nani, baba siku zote aliitupa mbali na nyumba, koleo baada ya koleo, mpaka kwenye uzio, Saimi akimcheka kuwa anaiogopa theluji mithili ya mgeni, na msimu huu mzee hana pumzi ya koleo ndipo yeye akaisukumia ukutani, akaishindilia vizuri mpaka chini ya dirisha, maana majirani wote hufanya hivyo, theluji ni blanketi, inazuia upepo, bibi zao walifanya hivyo kwenye vibanda vya wakata miti, ila vibanda vile vilikaa juu ya ardhi, bibi zao hawakuwa na kuta zilizofukiwa ardhini, na blanketi lile sasa linageuka maji, pipa baada ya pipa, na maji yanatafuta njia, na ardhi ya hapa ni udongo wa mfinyanzi usiopitisha kitu, kwa hiyo njia ni hii, ni hapa, ni kwenye pua yake.

"Eila, ni saa kumi kasoro dakika kumi!" "Naja!" "Kama zimetoboka lete hivyo hivyo, huko hawatanitazama miguu!" na Eila alinyanyuka nusu, goti likalia, na akiwa hivyo, si amesimama si amepiga magoti, alinyoosha mkono kushoto badala ya mbele, kwenye bodi, kwenye rangi ya maziwa, pale kilipoishia kitanda cha baba, ambapo asubuhi walipokivuta kitanda aliona baka la kahawia na kusema ni kivuli, akalibonyeza kivuli hicho kwa dole gumba, na dole likazama, lote, mpaka kwenye kiungo, bila sauti, kama kwenye kiazi kilichochemka, na akalichomoa likiwa na weusi chini ya ukucha, na ile harufu ikatoka kwenye tundu, ikamfikia usoni moja kwa moja, kwa hiyo ilikuwa humo, miaka mitatu imekaa humo nyuma ya mto wa baba, pamba yake ya waridi imeloa na kugeuka kuvu, na nailoni yake isiyo na tundu inazuia yote yasikauke, na mzee kalaza kichwa shubiri moja kutoka hapo, akivuta pumzi, akitoa, kila usiku, asante binti yangu, joto. Usipoziba ufa utajenga ukuta, yeye aliuona ufa akajenga ukuta juu yake na kuupaka rangi. Bado inaweza kuwa mvuke, inaweza… na hapo, bila kuitwa, akamwona baba Jumamosi, baba wa zamani, mwenye mabega, baada ya wote kuoga, wao watoto wamekaa jikoni wekundu wanakunywa maziwa, yeye anarudi chini peke yake, anatia magogo mawili zaidi kwenye jiko la sauna, anafungua mlango wa sauna wazi kabisa, anafungua kile kidirisha cha juu, anaacha moto uwake bila mtu, na Eila mdogo akiuliza baba unampashia nani, na baba akijibu, "Nyumba. Nayo imelowa, nayo ivue nguo," na asubuhi kuta zilikuwa kavu mpaka vumbi, mama akianika shuka hapa hapa, na Eila alikua akiamini kuwa yale magogo mawili ni ubahili uliogeuzwa kichwa chini, ni kuchoma kuni bure, na alipokabidhiwa nyumba jambo la kwanza alilolikataza ni hilo, magogo mawili, baba, kuni hizi tunazifuata mbali, na la pili kufuli. Moto ndio uliokausha ukuta. Si mvuke ulioulowesha. Miaka sitini ukuta ulilia na kila Jumamosi mzee alikuja akaufuta machozi, na yeye alikuja akamfungia nje mfutaji… alikaa chini kabisa sasa, matako kwenye zege, akahisi baridi ikipanda kwenye sketi, na bado hakuwa ameweka kidole kwenye nailoni, na alijua kwamba hakuhitaji tena, na ndiyo sababu aliweka.

Kikavu. Kidole kilipita juu ya matone yote, kutoka kona hadi kona, matone yakiwa yanaonekana chini yake, manene, na kidole kikatoka kikavu kabisa, na weusi wake chini ya ukucha. Akarudia kwa kidole kingine, kana kwamba vidole hupiga kura. Kikavu. Basi. Na wazo lililofuata lilikuja haraka mno hata akalionea aibu kabla hajalimaliza, nailoni ni nyepesi, utepe unabanduka, vuta mara moja, kunja, tia mfukoni, futa ukuta kwa soksi, Reino akiuliza, sema matone yalikuwa upande wa huku, maneno machache tu, na yeye, pamoja na mizaha yake yote, hatauliza la pili, hakuna atakayeuliza la pili, hiyo ndiyo raha ya watu hawa, unaweza kuzika ng'ombe mzima kwenye kimya chao, na saa kumi na nusu gari litakuwa limeondoka, na nyumba… na nyumba itakuwa kimya. Liseme hilo. Humu ndani ya kichwa chako hakuna mtu, liseme. Alifurahi. Daktari aliposema mtoeni kwenye unyevu, kitu ndani yake kililegea kama mkanda baada ya chakula, alifurahi, kwamba asubuhi hatasikia kikohozi kabla ya saa yake kulia, kwamba sufuria zitakaa alipoziweka, kwamba hatamkata mtu kucha za miguu, ana miaka hamsini na tisa na tangu aliporudi kwenye nyumba hii hajakaa siku moja bila kusikiliza kama mtu fulani huko chini bado anapumua, na mvuke ulimpa ruhusa, mvuke ulikuwa sababu nzuri, safi, isiyo na jina lake juu yake, wala hakumdanganya mtu, aliuamini, aliuamini kwa nguvu zake zote kwa sababu ulimfaa. Na yule mzee akaubeba. Ameupakia kwenye sanduku lile pamoja na mashine ya kunyolea na picha ya Saimi, anakwenda nao kule kwenye Jumatano, ataukalia kwenye kiti cha dirishani akitazama magari ya watu, kwamba aliijenga nyumba kwa ajili ya watoto wake na akaiozesha mwenyewe kwa kuoga. Atakufa akiamini hivyo. Hatamwambia mtu, ataliamini tu, mara moja, na litatosha. Na chumba cha cherehani huko juu kipo, kina dirisha la mashariki, kimejaa vitambaa ambavyo hatavishona, alipiga hesabu ya vitambaa hivyo mwezi uliopita, akaona ni vingi mno kuhamisha, vitambaa! …bodi hizi zote zitashuka, zote, kuanzia kona ile, na pamba, na mbao, na atachimba nje mpaka msingi ikibidi, na kwenye zege atabandika zile bodi ngumu za povu kama alivyosema yule mwenye ndevu, zisizooza, au hatabandika chochote, atauacha uchi ulie, lakini hayo ni ya kesho, hayo ni kazi, kazi ni rahisi, kazi yeye huikimbilia ili asiseme, siku zote, hata Septemba ile, alijenga ukuta mzima kwa sababu hakujua namna ya kumwambia, baba, na mimi nimebaki peke yangu.

Nje magurudumu yaliingia uani, yakapasua barafu laini, honi ikalia mara mbili fupi, Reino, dakika nane kabla ya wakati, mtoto wa mvuke, na juu kiti kikalia tena, fimbo ikagonga sakafu, mzee anasimama, "Basi ziache!" alisema kutoka kwenye kichwa cha ngazi, "ziache hizo soksi, zitakufaa wewe," na Eila alikuwa bado chini, pale pale, mgongo kwa kuni, nailoni mbele yake na matone yake yote mahali pake, hakuna lililosogea isipokuwa lile moja, na akafungua mdomo. "Baba. Si mvuke wako. Ni ukuta wangu." Lilitoka dogo, lilitoka la mtu anayezungumza na zege, na huko juu fimbo ikaacha kugonga, akawaza amesikia, amesikia na ndiyo hivyo, atasema sawa, limesemwa, limekwisha, na moyo wake ukaanza kutua kwa namna ya kitu kilichokwishalipwa… "Unasemaje?" alisema mzee. Sikio la kushoto, lile bovu, ambalo kinu cha karatasi kilimlia miaka thelathini. "Nakuuliza, unasemaje?" Honi ikalia tena. Eila alishika rundo la kuni, akalifikiria neno lile mara ya pili, na akaona kwamba mara ya kwanza halikuwa zito hata kidogo, mara ya kwanza ni ya mwenye kusema, na akavuta pumzi ya ile hewa mbovu mpaka chini ya mapafu, pale baba alipokuwa akiivuta, akapaza sauti hata Reino akaisikia uani.

"Si mvuke wako, baba! Ni ukuta wangu! Uliniambia, nami sikusikia!"